Mtoto Aliyeitwa Nenepa

Ariokot alizaliwa na kinyaa. Wapo wanaozaliwa na sauti nzuri, wapo wanaozaliwa na mbio. Yeye alipewa pua na ulimi visivyosamehe. Alipokuwa msichana kule Molo, ile ya Tororo, hakunywa maji kwenye kikombe kilichofutwa kwa pindo la nguo, na mchumba wake wa kwanza, yeye ndiye aliyemkataa, kwa sababu alimwona kijana huyo akilamba mwiko kisha akaurudisha chunguni. Wenzake walimcheka. Lakini hao hao waliomcheka ndio waliokuja kununua unga wake miaka ya baadaye, alipofungua kibanda sokoni Busia, upande wa Uganda, kwa kuwa walijua unga wa wimbi wa Ariokot hauna mchanga. Alilipeta wimbi lake mwenyewe, akaliosha, akalianika juu ya turubai safi, na ole wake kuku atakayelikanyaga. Mumewe alipofariki, kibanda hicho ndicho kilichomsomesha mwanawe wa pekee, Ojulong, mpaka akapata stashahada ya biashara.

Halafu zikaja pakiti. Zilikuja kidogo kidogo, kama kunguni wanavyoingia nyumbani, na siku ulipogutuka zilikuwa zimejaa kila mahali. Kila duka kuanzia Malaba mpaka Masafu lilikuwa limening'iniza mikanda ya vipakiti vya rangi ya waridi vya Uji wa Nenepa, mlo mmoja kila kipakiti, na juu yake picha ya mtoto mnene anayecheka. Kampuni yenyewe iliitwa Meza Tele. Ilipika biskuti, supu ya unga, tambi za dakika moja, na sasa uji wa watoto, na ilikuwa na ofisi katika miji ambayo Ariokot aliisikia redioni tu.

Alinunua kipakiti kimoja akakipika, maana hakutaka kutukana kitu asichokijua. Uji ulinukia peremende na sabuni. Ulipopoa ukafanya ngozi juu, na chini ya ngozi ukawa unatetemeka. Alionja nusu kijiko, akaenda nje kutema, akasukutua, akatema tena. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba wateja wake waliupenda. Mama aliyezoea kununua unga kwake sasa alipita na vipakiti mkononi, akisema hivi havina kazi, unamimina maji tu. Mvua iliponyesha, mitaro ya Busia ikajaa wale watoto wanene wa karatasi, wanaelea katika maji machafu huku wakicheka.

Na aliyevisambaza vipakiti hivyo, kwanza kwa pikipiki na baadaye kwa gari, ni Ojulong. Meza Tele walimwajiri mara tu alipomaliza chuo. Ariokot alimfulia shati la kampuni kama mama yeyote, lakini alilifua peke yake, kwenye beseni la kando.

Ojulong alimwoa Bridgit, msichana mpole wa Mundika, upande wa Kenya, na nyumbani kwao wote watatu wakawa wanazungumza Kiswahili, kwa kuwa Bridgit hakujua Kiteso na Ariokot hakujua lugha ya kina Bridgit. Mtoto wao wa kwanza alikuwa wa kike. Ariokot alimpokea mikononi, akamnusa utosini, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuona kasoro yoyote duniani.

Kwao, mtoto hapewi jina kwa kuandikiwa tu. Wanawake wa ukoo wa baba hukusanyika, bibi huchovya kidole katika ajon, ile pombe ya wimbi, akakitia mdomoni mwa mtoto huku akiita jina la mmoja wa waliotangulia. Mtoto akigoma, jina hilo si lake; linaitwa jingine. Akinyonya kidole, ndilo. Baadaye mchungaji atambatiza na kumpa jina la kanisani, hakuna ugomvi, lakini lile la kidole ndilo mtu atakalozikwa nalo.

Na Ariokot alikuwa na jina lake tayari. Atai. Huyo alikuwa mama mkwe wake, marehemu, mwanamke aliyemfundisha kupika ajon, na aliyesimama mbele ya ukoo mzima kumtetea walipomsema kwa kuzaa mtoto mmoja tu. Atai alipougua, Ariokot ndiye aliyemwosha mpaka mwisho, yeye mwenye kinyaa cha kila kitu, na hakuona kinyaa hata siku moja. Tangu Bridgit apate mimba alikuwa akiomba azaliwe msichana, jina hilo lirudi nyumbani.

Siku chache kabla ya sherehe, Ojulong alikuja na mgeni. Alikuwa mwanamke wa Nairobi aitwaye Norah, wa idara ya habari ya Meza Tele, mwenye viatu vyeupe ambavyo aliviangalia kila alipopiga hatua uani. Alieleza kwamba wawekezaji wakubwa wanakuja Tororo kuambiwa habari za kampuni kabla ya kuongeza mitaji yao, na kwamba katika maelezo hayo pataonyeshwa filamu fupi.

"Mama, story yenu ni poa sana," Norah alisema. "Ojulong ametuambia kuhusu hii sherehe ya jina. Tunataka tui-shoot. Ni kitu kimoja tu tutabadilisha. Badala ya pombe, utumie Nenepa. Wawekezaji hawawezi kuona mtoto mchanga akipewa pombe."

"Lakini wanaweza kuona mtoto mchanga akipewa hiyo takataka yenu," Ariokot akajibu.

Norah alicheka, akidhani ni utani. Ojulong hakucheka. Mgeni alipoondoka alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, hii ni mchezo tu. Ile ya ukweli tunafanya Molo Jumamosi, na ajon, na Shangazi Aguti, na watu yote. Hii ya kampuni ni ya kamera."

"Mtoto anajua kamera?"

"Mama, wanatafuta mkubwa wa kusimamia mpaka yote, Malaba mpaka hapa, na wanataka kunipa mimi. Nikikataa wanaleta mtu anaitwa Luke kutoka Mbale anakuja kunikalia juu ya kichwa. Mimi nimebeba hiyo kampuni kwa mgongo."

Ariokot alimtazama Bridgit, aliyekuwa ameketi mlangoni akinyonyesha. Bridgit aliinamisha macho, na macho ya mtu anayeinama ni magumu kuyakatalia. Ariokot akakubali. Alijiambia kuwa ni mchezo, na moyoni akaweka sharti lake mwenyewe, kwamba hakuna jina la marehemu yeyote wa ukoo litakalotoka kinywani mwake mbele ya watu wale. Majina yale hayakuwa ya kuchezea.

Siku ya kupiga filamu, uani kwake hapakutambulika. Mbuzi waliondolewa kwa sababu ya harufu. Kililetwa chungu kipya kisichowahi kuona moto, na wanawake wa sokoni, hata mmoja wao si wa ukoo, wakavalishwa magauni ya gomesi ya rangi moja na kuambiwa watabasamu. Norah alichukua kidole cha Ariokot, kidole kilichokwisha kuoshwa kwa sabuni na maji ya moto, akakimwagia dawa ya mikono. Kisha akaweka mbele yake kibuyu cha uji wa Nenepa, na harufu ya peremende na sabuni ikampanda puani mpaka machozi yakamlenga. Kamera ilikuwa karibu sana na uso wake, na mpiga picha akanong'ona kwamba machozi hayo ni mazuri mno.

"Sasa mama, chovya, uite majina," Norah alisema.

Ariokot alichovya. Uji ulimgandia kidoleni kama gundi. Aliona haya, aliona hasira, na hakuwa na jina la kuita, kwa kuwa yote aliyoyajua alikuwa ameyafungia. Macho yake yakaangukia kipakiti kilichosimamishwa kando ya kibuyu ili kionekane vizuri. Basi, kwa dharau, kwa sauti ya mtu anayemwita mwizi, akaita, "Nenepa!"

Akamtia mtoto kidole mdomoni.

Mtoto alishtuka kidogo, akafungua macho, kisha akanyonya. Alinyonya kwa nguvu, mashavu yakiingia ndani, mpaka kidole kikawa cheupe, na kilipotolewa akalia akikitaka tena. Wanawake wa sokoni walipiga vigelegele bila kuambiwa. Norah alikuwa karibu kuruka kwa furaha. Ariokot naye alicheka, cheko fupi la kuwadharau wote, halafu akakitazama kidole kile, akaacha kucheka.

Jumamosi walikwenda Molo. Ajon ilikuwa tayari chunguni, Ariokot aliipika kwa mikono yake, na wanawake wa ukoo walikuwa wameketi kwa mzunguko. Aliyekuwa mkubwa wao ni Aguti, dada wa marehemu mumewe, binti wa yule Atai mwenyewe. Aguti alikuja amejipaka mafuta na kuvaa nguo yake ya Pasaka, maana alijua jina la mama yake linarudi, na tangu asubuhi alikuwa akiimba.

Ariokot alichovya kidole. "Atai," aliita kwa upole.

Mtoto alifunga midomo. Aligeuza uso, akalia.

Wanawake wakacheka, wakasema labda Atai bado anasitasita, aitwe tena. Akaitwa tena. Mtoto alitema, akakunja uso kama aliyepakwa shubiri. Likaitwa jina la bibi mwingine, na la shangazi aliyekufa zamani, na la nyanya wa nyanya. Kila jina, mtoto aliona uchungu wa ajon ulimini, akatafuta kitu kingine kwa mdomo wazi, akakikosa, akalia mpaka sauti ikamkwama. Uimbaji ulikuwa umekwisha. Aguti alimtazama mtoto, akamtazama Ariokot, kisha akasema kwa Kiswahili ili Bridgit naye asikie:

"Hii mtoto imeshapewa jina. Nani amempa?"

Ojulong alisema hakuna. Alisema haraka mno. Ariokot alimsikia mwanawe akidanganya mbele ya ukoo wa baba yake, na akajisikia mchafu kuliko kitu chochote alichowahi kukikataa.

"Ni mimi," alisema. "Nilimpa na uji ya kampuni, mbele ya kamera. Nilijua ni mchezo."

"Jina gani?"

Alilisema. Hakuna aliyecheka. Aguti alitema mate mchangani, akayafukia kwa kisigino.

"Mama yangu amekuja mpaka kwa mlango," Aguti alisema, "amekuta mumeweka pakiti kwa kiti yake."

Kisha akatoa uamuzi, na kwa watu wale uamuzi wa mwanamke mkubwa wa ukoo haupelekwi rufaa popote. Ariokot alilitoa jina lile mbele ya watu wa kampuni; basi aende akalikane mbele ya watu wa kampuni, na hapo hapo, wakiwa wanatazama, ampe mtoto jina lake kwa ajon. Mpaka siku hiyo mtoto ni Nenepa. Na Aguti akakataa kumbeba.

Ikawa aibu ya kila siku. Wanawake wale wa gomesi walikuwa wamekwisha kulisambaza jina sokoni kote. Kevo, mwendesha bodaboda wa pale stendi, akimwona Bridgit anavuka mpaka kwenda kwao alipaza sauti, "Mama Nenepa, panda twende!" na wenzake wakajibu kwa miluzi. Bridgit alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili aliporudi nyumbani alifunga mlango. Hata zahanatini, siku ya chanjo, muuguzi aliuliza kama mtoto ndiye yule wa tangazo, akamminya shavu na kusema mbona hajanenepa. Ariokot alikaa kibandani akihesabiwa makosa na watu aliowauzia unga maisha yake yote. Alisubiri wawekezaji kwa hamu kuliko kampuni yenyewe ilivyowasubiri.

Siku ilifika. Hoteli ilikuwa Tororo, yenye madirisha makubwa yanayotazama ule mwamba mkubwa uliosimama juu ya mji, na ndani baridi ya mashine iliyofanya kila mtu akunje mikono. Ariokot aliketishwa mbele kabisa na Bridgit na mtoto, kama vyombo vya maonyesho. Ojulong alisimama ukutani na tai shingoni. Aguti, ambaye hakuna aliyemwalika, aliingia tu na kukaa kiti cha nyuma, na walinzi walimwona amekaa kimamlaka hivi kwamba hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mkurugenzi wa Meza Tele alieleza kwa Kiingereza cha haraka. Alikuwa kijana mwenye sauti laini, na kila alichosema kilitokea ukutani kwa rangi. Palikuwa na ramani ya mpaka, Busia ya huku na Busia ya kule, na mishale ya waridi ikiingia kila upande kama siafu. Norah aliketi nyuma ya Ariokot akimtafsiria kwa kunong'ona. Kampuni inapenda watu maskini, alisema mkurugenzi, kwa sababu hawaachi kununua. Hawana pa kuweka akiba, basi hununua kidogo kidogo, kila siku. Kampuni haitazami tena sehemu yake ya soko. Inatazama sehemu yake ya tumbo.

"Ya nini?" Ariokot aliuliza.

"Ya tumbo, mama. Yaani katika vyote mtu anakula kwa siku, vyetu ni ngapi."

Ukutani pakatokea mchoro wa tumbo la mwanamke, sehemu yake ya chini imepakwa waridi, na waridi ile ikawa inapanda mwaka hadi mwaka. Wawekezaji waliandika. Ariokot alijishika tumbo lake bila kujua. Akashikwa na kinyaa akiwatazama watu safi, waliooga, wenye mikono laini, wakiugawana mwili wa mtu hivi hivi huku wakitafuna korosho.

Kisha mkurugenzi akasema kwamba anayeshika mdomo siku za mwanzo ameshika mteja wa maisha, na filamu ikaanza. Uso wa Ariokot ulijaa ukuta mzima, na machozi yake. "Nenepa!" alisikika akiita, na katika filamu, kwa sababu ya muziki waliouweka, dharau yake yote ilisikika kama upendo. Mtoto akanyonya. Ukumbi ukapiga makofi.

Norah alimpa kipaza sauti. "Sema asante tu, mama."

Ariokot alisimama.

"Hiyo jina niliita nikiwa na hasira," alisema. "Nimeikataa. Mbele yenu nyote, nimeikataa. Huyu mtoto si wenu. Mdomo yake si yenu, na tumbo yake si yenu."

Norah alikichukua kipaza sauti. Alitabasamu, akageukia wageni, wengi wao wasiojua Kiswahili, akasema kwa Kiingereza kwamba mama anasema familia yake inajivunia kukua pamoja na Nenepa. Ariokot alikuwa amesoma Kiingereza cha shule kiasi cha kutosha kuelewa hayo. Makofi yakapigwa tena, makubwa kuliko ya kwanza.

Basi alifungua mfuko wake, akatoa chupa ndogo ya ajon iliyochujwa, akaizibua. Harufu ya wimbi lililochacha ikaenea katika ile baridi, na makofi yakaanza kufifia. Alichovya kidole, akapiga magoti mbele ya Bridgit mbele ya watu wote wale.

"Atai," aliita. "Atai. Mama, ni mimi. Ingia."

Mtoto alikunja uso. Akafunga midomo, na Ariokot akahisi ufizi mdogo ukimkataa. Hakutoa kidole. Alisubiri, akijua nyuma kabisa Aguti amesimama. Mtoto alisukuma kwa ulimi, akaonja, akapumua kwa pua. Halafu akanyonya. Alinyonya polepole, kwa mashaka, lakini alinyonya, na Bridgit akaanza kulia kwa sauti, na kutoka kiti cha nyuma kikapanda kigelegele kimoja kikali kilichowafanya wawekezaji wageuke wote. Aguti alikuja mbio katikati ya viti, akamchukua kifuani mtoto mwenye jina la mama yake.

Norah alikuwa amekikumbatia kipaza sauti kwa mikono miwili. Ariokot aliinuka na kujikung'uta magoti, akijua ameshinda na akijua mwanawe amepoteza kazi, na hakuweza kumtazama pale ukutani.

Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwekezaji wa Nairobi mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji, akanyoosha mkono. Alisema kwa Kiswahili safi, kwa adabu kabisa:

"Samahani, mama. Hicho kinywaji ulichompa ni nini? Naona kina nguvu sana kwa watu wa hapa. Je, kuna yeyote anayekifungasha kwenye pakiti?"

Viti vilisogea mbele. Mtu akafungua kalamu. Mkurugenzi, ambaye dakika moja kabla alikuwa anatokwa na jasho, alinyoosha shingo kutazama chupa. Ariokot alifungua kinywa awatukane, lakini sauti iliyojibu haikuwa yake.

"Hakuna anayefungasha, mzee," alisema Ojulong. Alikuwa ameuacha ukuta, anakuja mbele akinyoosha tai, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Inaitwa ajon. Mama yangu ndiye anapika nzuri kuliko wote. Hata kwa kupa watoto jina wanatumia hiyo, kila ukoo. Mkitaka, kesho nawapeleka Molo muone."

Ariokot aliifunga chupa. Aliikaza mpaka vidole vikamuuma, akaitia mfukoni, akamshika Bridgit mkono.

"Inuka twende," alisema. Wakatoka wanawake watatu na mtoto wao, na hakumwita mwanawe.